Ini la Babu Sadalla

Kila Jumamosi asubuhi, Hajira alifagia ukumbi wa nyumba yao ya Mchafukoge, kisha alikwenda kumwamkia Babu Sadalla na kuazima kisu chake. Kilikuwa kisu kidogo cha kukunja, chenye mpini wa pembe. Kwa miaka thelathini Babu alikitumia kukatia kamba za marobota ya mitumba kule Mchikichini. Siku hizi kilimenya machungwa, kilikata kucha na kuchonga penseli za Hajira. Babu hakukubali kukitoa wala kukipokea kikiwa wazi.

Babu alikuwa na wiki mbili tangu atoke hospitali, lakini kula kulimshinda. Uji alionja vijiko viwili tu. Alikonda hata kikoi kikawa hakimkai kiunoni. Kwa hiyo siku hiyo aliposema mwenyewe, "Nina hamu ya ini la kuku," Mama alikwenda sokoni mbio, asije akabadili mawazo.

"Hajira, kuku huyu hapa, ameshachinjwa na kunyonyolewa," Mama alisema aliporudi. "Matumbo utayatoa wewe. Ini likaange, firigisi itie kwenye supu ichemke na nyama. Mimi nawahi dukani."

"Matumbo, Mama? Yananitia kichefuchefu!"

"Basi ziba pua, lakini usifumbe macho."

Babu alimpa kisu kikiwa kimekunjwa. "Kwenye ini utaona kijifuko cha kijani. Hiyo ndiyo nyongo. Usikiguse. Kata mbali nacho, na kipande cha ini kikipotea, usikionee huruma."

Hajira alikaa uani na beseni lake. Mara akatokea Leticia, jirani yao, ameshika mpira wa soksi.

"Mambo?"

"Poa. Nasafisha matumbo. Kinyaa kitupu!"

"Kinyaa? Kwetu Masasi wakipika ndizi na utumbo, tunagombania sufuria! Fanya haraka bwana, tunaenda kucheza rede, amepungua mtu mmoja tu."

Hajira akaharakisha huku ameugeuza uso pembeni. Kisu kikateleza. Alipotazama, maji ya kijani yalikuwa yametapakaa kwenye ini. Alijua alipaswa kukata sehemu ile na kuitupa, lakini ingebaki nusu tu, na Mama angeuliza. Akaliosha mara tatu, akalikamulia ndimu, akalikaanga kwa vitunguu vingi. Nani atajua?

Babu alitia kipande cha kwanza kinywani, akatafuna. Akameza kwa shida na kuweka sahani chini. Hajira alisubiri kugombezwa.

"Umepika vizuri, mjukuu wangu," Babu alisema taratibu. "Mdomo wangu ndio umekufa. Ini nimelila tangu utotoni, na leo nalisikia chungu kama shubiri. Mwambie mama yako asihangaike tena kuninunulia vitu." Akajilaza na kugeukia ukutani.

Leticia aliita kutoka uani. Hajira hakuitika. Moyo ulimwuma kwa aibu. Angenyamaza, hakuna ambaye angemgombeza, lakini Babu asingetamani kula tena.

"Babu, mdomo wako mzima. Mimi ndiye niliyepasua nyongo. Nikaliosha ini, nikaficha. Nilikuwa nawahi rede. Nisamehe."

Babu akageuka. "Nyongo?"

"Ndiyo, Babu."

"Kwa hiyo ulimi wangu umeitambua nyongo?"

"Umeitambua, Babu."

"Alhamdulillahi!" Akainuka akakaa kitako. "Kumbe nimejihesabu marehemu kwa ajili ya kuku mmoja! Firigisi iko wapi?"

"Bado iko kwenye supu."

"Ilete. Na kisu changu ukioshe kwanza."

Hajira alileta bakuli la supu na kisu alichokikunja vizuri. Babu akakifungua.

"Nyongo kupasuka si kosa kubwa," alisema. "Imenipasukia mimi, na bibi yako pia. Unakata palipochafuka, unatupa, unasema. Ukificha, anayekula anabaki kutafuta ubaya kwake mwenyewe, na leo ungeniachisha kula kabisa. Umenitendea vibaya, kisha umesema kweli. Nimekusamehe. Lakini siku nyingine usingoje mpaka mtu ageukie ukutani."

"Sitarudia, Babu."

Katika nyumba ile firigisi ilikuwa ya Babu peke yake, wala hakuna aliyewahi kuiomba. Babu akaikata katikati, akampa Hajira nusu. Hajira akaziba pua, akatafuna macho yakiwa wazi.

"Sema kweli. Ikoje?"

"Ngumu kidogo, Babu." Akaiachia pua, akatafuna tena. "Lakini tamu."

Babu alikunywa supu yote, akajifuta mdomo, kisha akamnyooshea Hajira bakuli tupu.

"Ongeza," alisema.