Kichupa cha Kupeleka Maabara

Jumamosi hiyo, mnadani Msalato, Athuman alitaja bei ya beberu, akafunga mdomo, lakini sauti ikaendelea. Ilikoroma nene kutoka kooni, midomo imetulia tuli. Wateja walicheka. Mimi ningekuwepo, ningeshafika Kondoa kwa miguu, na kitambi changu hiki.

Mwezi mzima sauti ikawa inakwaruza, siku nyingine haitoki kabisa. Mnadi bila sauti ni nani? Mkewe, Batuli, akampeleka hospitali mjini. Daktari Evelina alimpitishia puani mrija mwembamba wenye kamera. Kwenye uzi wa sauti kilikaa kifuko cheupe, kama punje ya uwele iliyolowa.

"Ni majimaji tu, baba. Tutakitoa kupitia mdomoni, ukiwa usingizini. Halafu siku saba usiseme, hata kunong'ona. Ukikaidi, unaweza usinadi tena."

"Siku saba!" Batuli alitania kwa unyonge. "Na mimi nitapumzika."

Upasuaji ulikwisha salama. Nesi akamkabidhi Batuli kichupa chenye dawa na kile kifuko, maana ndugu ndiye hupeleka maabara.

"Wakipime, mama. Tujue ni kitu gani."

Batuli akakitia mkobani, akashika korido. Ilikuwa saa sita mchana, watu tele; lakini kadiri alivyokwenda watu walipungua, harufu ya dawa ikageuka ubani, ubani ukageuka beberu aliyenyeshewa, na viatu vyake vikaanza kulia mara mbili kwa kila hatua, kana kwamba mtu anamfuata akikanyaga palepale alipotoka kukanyaga yeye, naye hakuthubutu kugeuka.

"Batuli."

Sauti ya Athuman, safi, ya siku za uchumba. Ilitoka mkobani.

Kwao Kondoa mtoto hufundishwa mapema: sauti ambayo mwenyewe humwoni haiitikiwi. Batuli alijua. Lakini miaka ishirini ya ndoa ina mazoea yake. Ulimi ukatangulia akili.

"Abee!"

Kitu cha baridi kikamshuka kooni, kama tonge lisilotafunwa.

Maabara, kijana Jordan alikiinua kichupa kwenye mwanga.

"Shikamoo, mama. Mbona humu kuna dawa tupu?"

"Kilikuwemo, mwanangu."

Jordan alirudi nyuma hadi ukutani. Ilikuwa sauti ya mwanamume. Batuli akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini Athuman akaendelea kusema mle ndani, kwa upole:

"Tusirudi wodini, mke wangu. Yule aliyelala kule simjui."