Filimbi ya Octave

"Octave iko wapi?"

Félix alishuka kwenye mtumbwi wa wachuuzi pale Kashikishi, ufukweni mwa ziwa, amelowa chapachapa... na shingoni amevaa filimbi ya mdogo wangu!

Ndugu zangu mnaosoma, mimi si mutu wa kelele. Hata kwaya naimba nimejificha nyuma ya wenzangu. Lakini siku ile nilipiga kelele mpaka wauza samaki wakaacha mizani.

Félix ni mchumba wangu. Alikuwa anawafundisha vijana wetu uongozi. Kila Jumamosi mmoja anavaa filimbi, anakuwa shefu wa siku, na wote wanamtii. Hata Félix mwenyewe!

"Kama mimi sitii, bao batajifunza kwa nani?" alikuwa akisema.

Jumamosi ile shefu alikuwa Octave. Miaka kumi na sita tu. Walikuwa wamevuka kwenda kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani kwetu, kumwezekea mjane nyumba.

"Ulimunyang'anya filimbi ukakimbia?"

"Stéphanie..."

"Usiniite!"

Bana Mwelwa, jirani yetu, alitema mate mchangani.

"Awe, hapana! Mwanaume muzima anashuka, mutoto anabaki mu maji? Mwalimu wa nini wewe?"

Nilivua pete, nikamtupia. Hakuiokota.

Ndipo Dany, mdogo kuliko wote kundini, akanivuta kitenge, akaniita yaya kama watoto wetu wanavyomwita kila kaka au dada mkubwa. Meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi.

"Yaya, haikuwa vile. Upepo ulipasua mtumbwi wetu. Huu wa wachuuzi ulijaa, ikabaki nafasi moja. Yaya Félix akasema Octave apande."

"Halafu?"

"Octave akakataa. Akamuuliza, 'Leo shefu ni nani?'"

Dany akajipangusa maji usoni.

"Akasema, 'Mimi najua kuogelea, wewe hujui. Panda! Ni amri.'"

Nilimgeukia Félix.

"Na wewe ukatii?"

"Nilitii."

Filimbi je? Octave aliirusha mitumbwi ikiwa imeshaachana. "Sasa shefu ni wewe, yaya! Peleka batoto kwa bamama!"

Félix aliipuliza kama kichaa, akaamuru warudi. Mwenye mtumbwi akakataa. Wakirudi, wote wanazama.

Wavuvi waliupata mwili wa Octave mbali, upande wa Puta...

Pete aliiokota Dany, akaniletea. Sijaivaa. Sijaitupa.

Félix anakuja kila Jumamosi, anakaa karibu na mama yangu.

"Kula, mwanangu," Mama anamwambia.

Hagusi chakula.

Ninyi mnaolea vijana, wafundisheni kuongoza. Wapeni filimbi, watiini, wajisikie wakubwa. Lakini kifo kikifika, mvueni mutoto ile filimbi kwa nguvu!

Akuchukie. Akutukane mbele ya wenzake.

Lakini arudi nyumbani.