Dawa ya Minyoo Niliyoipeleka Uani Kwangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka zaidi ya sabini, nina wajukuu, na bado kuna jambo nililolificha. Mficha uchi hazai... Leo nalisema.

Enzi za vijiji vya ujamaa niliolewa karibu na Nangurukuru. Kijiji kilipata mradi wa kuku wa nyama, tukakabidhiwa wawili: mimi na shoga yangu Mwanahawa, mzaliwa wa Kinjumbi.

Bwana mifugo alitufundisha vizuri. Kwanza dawa ya minyoo, baada ya wiki chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, kwa sababu kuku mwenye minyoo chanjo haimshiki sawasawa.

Siku ya dawa ilikuwa zamu yangu. Nyumbani nilikuwa na kuku wangu, wamekonda. Nikajiambia, cha wote hakina mwenyewe! Zaidi ya nusu nikawanywesha wangu, iliyobaki nikaizimua kwa maji nikawapa wa kijiji.

Wiki iliyofuata Mwanahawa akawachanja wote kwa matone ya machoni. Yaliyobaki nilimwomba, akanipa kwa moyo mweupe, nikawachanja wangu.

Mwezi haukuisha, kideri kikaingia. Shingo zimepinda, mabawa chini... wakafa banda zima! Wangu wakabaki wanaparura uani.

Kamati ya kijiji ikaamua kuwa Mwanahawa aliiacha chanjo juani. Alinitazama. Nikainamisha kichwa, nikashika pindo la kanga yangu. Mumewe akaona aibu, akampa talaka, naye Mwanahawa akarudi kwao Kinjumbi.

Na mimi? Nikasifiwa! Mwenyekiti akaleta watu waone kuku wangu, kisha nikapewa banda jipya nilisimamie peke yangu. Kukataa kungenifichua. Kukubali kulimzika mwenzangu. Nikakubali, na kila asubuhi nilipofungua mlango ule nilijiona mimi ndiye mfungwa. Miaka mingapi? Nimeacha kuhesabu.

Mwaka jana nilikwenda Kinjumbi. Nilimkuta barazani anasuka mkeka, nikamweleza yote huku nalia.

"Nilijua, shoga," akasema. "Chanjo ilikuwa moja, na wako walipona."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja mbele ya kamati.

"Nilikungoja useme mwenyewe."

Akanisamehe, akanikaribisha chai. Hakuolewa tena, wala hakupata mtoto.

Ndugu zangu, nawasihi, ukikosa sema siku ileile, hata kama kijiji kizima kitakucheka. Mimi nimesamehewa... lakini Mwanahawa nimrudishie nini?