Maganda Chini ya Kiti cha Coy

Walinituma barafu.

Mtu mwenye digrii ya fizikia, umri miaka thelathini na moja, anatumwa barafu. Mifuko miwili, ya kupoza maji ya binamu yangu Coy Absher, dereva wa magari ya mbio, fahari ya milima yetu ya Karolina Kaskazini. Jua lilikuwa linazama nyuma ya majukwaa. Jumamosi ya Agosti, joto la kukufanya uitukane ngozi yako mwenyewe.

"Profesa!" Coy aliniita nikiwa nimeshafika getini. "Usianze kupiga hesabu ya barafu njiani, itayeyuka!"

Mafundi wakacheka. Na mimi nikacheka. Ndiyo kazi pekee niliyoipata kwa kisomo changu, kucheka ninapochekwa.

Lazima umjue Coy, la sivyo hutaujua ubaya wangu. Alianza kuendesha akiwa na miaka kumi na minne, viwanja vya udongo, gari la kuungaunga. Alipofika ishirini na tano, wakubwa wa Charlotte wakamchukua. Msimu mmoja. Mdhamini akafilisika, wakamrudisha nyumbani kama sufuria ya kuazima. Miaka kumi na sita iliyofuata aliendesha viwanja vidogo kila Jumamosi, na Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa uvunguni mwa magari ya watu akimwaga oili. Akavunjika mbavu. Akavunjika bega. Hakulalamika. Na mimi nilipotoka chuo na barua sitini na mbili za "tunasikitika kukufahamisha", yeye ndiye aliyenipa kitu cha kufanya.

Alinifanya jicho lake.

Dereva wa mbio ni nusu kipofu. Amefungwa mikanda, shingo imebanwa isivunjike, hawezi kugeuka. Kwa hiyo mtu anasimama juu ya paa la majukwaa na redio, anamwambia asichokiona. *Ndani*: kuna gari upande wako wa chini. *Nje*: kuna gari upande wa ukuta. *Safi*: hakuna mtu, shuka. Naye anakata usukani kwa neno lako tu, maili mia kwa saa, bila kutazama. Anakuamini kama mtoto anavyoliamini ziwa la mama.

Mchana ule alikuwa ameniita kando, akifuta mikono.

"Timu moja ya Charlotte inaleta mtu leo. Nikishinda, mwakani niko juu tena. Nina arobaini na moja, Emmett. Hii ndiyo ya mwisho."

"Tunaenda lini?"

Akakwepa macho yangu. "Wana jicho lao, bro. Nimewaambia habari zako. Nitaendelea kuwaambia."

Nitaendelea kuwaambia. Sentensi hiyo naijua vizuri. Ni ile ile "tunasikitika kukufahamisha", imevaa kofia tu.

Basi nikaenda kwenye barafu na moyo wangu umechacha.

Wakati wa kurudi nilipita nyuma ya uzio. Ndipo nilipomwona. Bibi mwembamba, gauni la kwenda kanisani, amekaa kwenye kiti cha kukunja mahali ambapo hapajawahi kukaa mtu. Miguuni pake ndoo ya bati.

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza.

Karanga... Karanga zilizokaangwa na maganda yake.

Nikasimama. Huku kwetu unaweza kuja uwanjani umelewa, umefumaniwa, umefukuzwa kanisani, na bado utasogezewa kiti. Lakini karanga zenye maganda hazivuki geti la ua wa magari. Wazee wanasema zamani kila gari lililopondeka lilikutwa na maganda ndani. Mafundi wasiomwogopa Mungu wala polisi huwapekua wageni mifuko kwa ajili ya karanga. Mimi nilikuwa nawacheka. Si nina digrii?

"Bibi, hapa hakuna anayeuza karanga," nikamwambia.

"Siuzi," akanong'ona. "Natoa."

Akanijazia kiganja. Zilikuwa za moto. Moto wenyewe sikuuona.

"Wewe ndiye yule anayeachwa," akasema.

Sikumuuliza amejuaje. Hilo linaniumiza mpaka leo. Sikushtuka hata kidogo. Nilijisikia kama mtu ambaye hatimaye ameeleweka.

Nikazila njiani moja baada ya nyingine. Maganda nikayatia mfukoni.

Nilipofika, madereva walikuwa wamekusanyika kwa mchungaji, vichwa chini, kofia mkononi, wakiombewa. Mafundi nao walikuwa huko. Gari la Coy lilikuwa peke yake, nambari sabini na moja, wavu wa dirisha umeteremshwa. Niliingiza mkono. Chini ya kiti kuna nafasi ya vidole vinne hivi.

Nilitaka ashindwe tu. Haki ya Mungu, sikutaka zaidi. Awe wa nne, wa tano. Arudi uvunguni kumwaga oili, tubaki wawili kama zamani. Nikajiambia, huu si uchawi, hizi ni takataka.

Nikajipangusa kwenye suruali.

Nolene, mke wa Coy, alinipokea barafu. Akanusa hewa.

"Emmett, unanuka nini wewe?"

"Jasho."

"Mh. Sikiliza, na usimwambie kama nimekwambia. Asubuhi amewapigia wale wa Charlotte. Amewaambia asipokwenda na wewe hasaini. Hataki kukupa matumaini mpaka wakubali. Unamjua alivyo."

Nadhani nilitabasamu. Sikumbuki uso wangu ulifanya nini.

Nikageuka kulikimbilia gari. Na wakati huohuo injini ishirini na nne zikawashwa kwa pamoja, ardhi ikatetemeka, nambari sabini na moja ikatoka uani mbele ya macho yangu.

*

Juu ya paa tunasimama bega kwa bega, majicho wote, kila mmoja na redio yake. Nikavaa spika za masikioni. Nikabonyeza kitufe.

"Coy."

"Sema, Profesa."

"Chini ya kiti chako..."

"Chini ya kiti changu nini?"

Nolene alikuwa anasikiliza. Mafundi walikuwa wanasikiliza. Na huku kwetu mashabiki nao wana viredio vya kunasia mazungumzo ya timu, kwa hiyo nusu ya jukwaa ilikuwa inasikiliza. Neno moja tu. Wangemsimamisha, wangeyatoa maganda, angeanzia nyuma ya wote, na mimi nisingekanyaga tena kaunti ile maisha yangu yote.

"...umekaza mkanda?"

"Ndiyo, mama. Na meno nimepiga mswaki."

Watu wakaangua kicheko chini yangu.

Bendera ya kijani ikashuka.

Mizunguko arobaini ya kwanza Coy aliendesha kama kijana. Nje. Nje bado. Safi. Wa tisa, wa sita, wa nne. Nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, unaona? Takataka tu.

Ndipo nikaisikia.

Kr...

Kwenye spika. Sikio la kushoto.

Kr... kr...

"Profesa," Coy akasema, "nani anatafuna?"

Nikawatazama wenzangu. Hakuna aliyekuwa anatafuna. Harufu ikapanda, nzito, ya chumvi na moshi, ikanikaa kooni.

"Hakuna," nikasema. "Safi. Shuka."

Wa tatu. Wa pili. Mzunguko wa themanini. Kile kitu kilikuwa kinatafuna polepole, hakina haraka, na baada ya kila ganda kilikuwa kinavuta pumzi. Pumzi hiyo nilikuwa siisikii tu. Nilikuwa naihisi. Ya moto. Ndani ya spika. Juu ya ngozi ya sikio langu.

Kikacheka kidogo. Cheko la puani.

Nilijua cheko lile. Lilikuwa langu.

Nikazivua.

Hapo ndipo kosa lilipo, usilitafute kwingine. Jicho halivui spika mpaka gari lisimame. Kazi nzima ni hiyo. Nilizivua nikazishika mkononi mbali na mwili, kama mtu aliyeshika panya. Na kutoka kwenye kile kiganja changu nikaisikia sauti ndogo ya Coy.

"Ndani kuna mtu?"

Gari la kijani lilikuwa ndani. Nililiona kama ninavyoona karatasi hii.

"Emmett? Niko safi?"

Nikaitazama redio.

"Emmett?"

Akashuka.

Sauti ya chuma huwa inachelewa kufika juu ya paa. Kwanza unaona. Nambari sabini na moja iligeuka kinyumenyume, ikapanda ukuta, ikalala ubavu. Halafu ndipo kishindo kikaja. Halafu moshi mweusi... halafu moto chini yake.

Nikakimbia.

Sikukimbilia gari. Andika hivyo ukiandika habari zangu. Niliiacha redio ikining'inia kwenye reli ya paa, nikateremka ngazi, nikakimbilia maegesho, nikajibanza nyuma ya trela la watu nisiowajua. Na pale, kupitia kipaza sauti ambacho mafundi wetu walikitundika uani kusikilizia redio ya Coy, nikamsikia mtu anaongea.

"Tulia, Coy. Mkanda haujakatika, umebanwa. Sukuma kwanza, ndipo uvute. Hivyo. Sasa wavu. Mkono wa kushoto, juu zaidi. Juu zaidi."

Utulivu mtupu.

Sauti yangu. Ile ile ya puani, ile ile ya kukokota maneno.

Nikaushika mdomo wangu. Ulikuwa umefungwa.

"Usizimie, Coy. Kuna jambo nataka kukwambia..."

Kisha kipaza sauti kikakoroma, na hatukusikia tena.

*

Alitoka mzima. Mikono ndiyo iliyoungua, yote miwili, mpaka kwenye viwiko. Vidole vikakunjamana, usukani hakuushika tena. Miaka ishirini na saba ya kazi, ikaishia mzunguko wa tisini na mbili.

Na mimi? Mimi nikawa shujaa. Nolene alinikuta nyuma ya trela natapika, akanikumbatia, akalia shingoni mwangu. "Umemtoa," akasema. "Umemtoa, Emmett." Nikamwacha aseme. Wenzangu wa paani walikuwa wanatazama moto, hakuna aliyenitazama mimi. Yule mtu wa Charlotte akanipa mkono. Mwezi wa pili nikaajiriwa. Ile kazi iliyotafutwa kwa sivi sitini na mbili nikapewa kwa uongo mmoja ambao hata sikuutamka. Yule bibi niliulizia. Walinzi wa geti walinitazama kama kichaa. Karanga? Uwanjani? Nani angethubutu?

Kila Jumatatu nilikwenda kumwona Coy. Nakaa barazani kwake, namwinulia gilasi ya chai baridi, tunazungumza hali ya hewa. Mwaka mzima. Hakuniuliza lolote. Nami kila Jumatatu nilijiambia, leo. Nikaondoka kila Jumatatu na lile neno likiwa bado tumboni.

Hadi siku moja ya Oktoba aliposema, bila kunitazama:

"Unakumbuka uliniambia nini kwenye moshi?"

"Si ulisikia? Mkanda. Wavu."

"Baada ya hapo."

Nikaiweka gilasi chini.

"Uliniambia kuna nini chini ya kiti," Coy akasema. "Ukaniambia uliyaweka wewe, wakati wa maombi. Ukaniambia na sababu. Halafu ukalia, bwana! Mimi naungua mikono, wewe unalia sikioni mwangu kama ndama." Akacheka kidogo. "Nikakusamehe palepale. Muda wenyewe ulikuwa uko wapi?"

Jua lilikuwa linawaka. Mbwa wa jirani alibweka.

"Nolene sijamwambia. Mtu yeyote sijamwambia. Nimekaa hapa mwaka mzima nasubiri useme tena, mchana, uso kwa uso. Basi. Sihitaji zaidi ya hapo, bro. Ilikuwa wewe?"

Ningeweza kumwambia kweli. Haikuwa mimi, Coy. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya trela. Kilichokutoa si mimi, kilichokuomba radhi si mimi, na hata hicho kilio si changu.

Msamaha ulikuwa pale, umeshaiva, umewekwa mezani. Kilichotakiwa ni kunyoosha mkono tu.

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa mimi. Nisamehe."

Coy akageuka, akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Ajabu," akasema taratibu. "Ile sauti ya kwenye moshi ilikuwa na aibu."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango kwa kiwiko.

Jumapili iliyofuata nilikuwa juu ya paa la uwanja mkubwa, watu elfu themanini chini yangu. Dereva wangu mpya alikuwa katikati ya msongamano. Nikabonyeza kitufe nimwambie kuna gari ndani. Mdomo ukafunguka. Koo likafanya kazi.

Hapakutoka kitu.

Nikajaribu tena. Hewa tupu.

"Nimekusikia," dereva akajibu. "Ndani kuna mtu. Endelea, Emmett, leo uko moto."

Nilisimama pale mizunguko mitatu, mdomo wazi. Naye akawa anajibu. Nimekusikia. Asante. Nimekusikia. Nikazivua spika taratibu, nikaziweka kwenye reli, nikashuka ngazi. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi.

Sauti haikunirudia, ndiyo maana naandika haya kwa mkono. Sina kazi tena, na watu wa kwetu wanashangaa ninaposhinda nyumbani. Lakini Jumapili mama akiwasha televisheni, timu bado inataja jicho lake kwa jina, jina langu, na jana dereva alishinda, akashika kipaza sauti, akanishukuru mimi wa kwanza.

Mama akageuka kwenye kochi, akanitazama.

Nikatikisa kichwa tu. Sikuwa na sauti ya kumjibu.