Kamera Tatu na Kigoda Kimoja

Kigoda kilikuwa kimelowa. Honorata alikigusa kwa kiganja, akakinusa kiganja chake, akasonya. Mwezi ulikuwa wa nane, mvua ya mwisho watu walishaisahau, na kigoda chenyewe alikuwa amekitoa ndani muda si mrefu kikiwa kikavu kabisa. Akawasingizia kuku. Alikifuta kwa upindo wa kitenge na kurudi kwenye shida yake, maana mwenye shida moja kubwa hana nafasi ya kutafuta nyingine.

Shida yake ilikuwa kamera.

Ulikuwa mwaka ule watu wa Burundi walipovuka tena kwa maelfu, kijiji cha mpakani cha Kagunga kikafurika mpaka ufukweni pakakosa pa kukanyaga. Wapya walipelekwa kambini. Wa zamani, waliovuka mwaka wa sabini na mbili na kuzeekea mitaa ya Ujiji, waliambiwa wajaze fomu za uraia. Fomu ilitaka picha. Picha za simu ofisi ilizikataa, eti zina ukungu, na mpiga picha wa mtaa alishahamia Kasulu. Basi familia za pale zikakaa kikao baada ya misa, zikachanga, zikamtwika Honorata kazi ya kuchagua kamera na kujifunza kuitumia, kwa kuwa alifika kidato cha pili na mikono yake haitetemeki. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi hata kuishika.

Aliikubali kwa ajili ya mtu mmoja. Mama yake, Spesiosa, alikuwa ameishi Tanzania miaka arobaini na mitatu bila karatasi hata moja yenye jina lake. Kila ukisikika msako wa wasio na vibali, mama huyo aliingia jikoni akakaa nyuma ya kuni, mtu mzima na mtoto wake wa jicho, ametulia kama mwizi. Alitaka hati tu, aishike kabla hajafa. Na fomu zilikuwa zinafungwa Ijumaa.

Sasa mtu umtume kwa Nickson! Nickson aliuza kamera za mtumba pale Mwanga, mjini Kigoma, na Mungu alikuwa amempa mdomo akasahau kumpa kituo.

"Dada, hii ina megapikseli kumi na mbili."

"Zinafanya kazi gani?"

"Ni nyingi! Na hii ina zumu, ukisimama hapa Kigoma unamwona mtu anakula ugali kule Kalemie, Kongo."

"Sitaki ugali wa Kalemie. Nataka sura na mabega, basi."

"Hapo ndipo wanaoanza mnapokosea," alisema Nickson, akaanza upya habari za flashi na kadi na skrini. Honorata alikaa dukani mpaka kichwa kikamgonga. Mwishowe akachukua ndogo ya rangi ya fedha, inayotumia betri za rimoti, kwa makubaliano kwamba akaijaribu nyumbani, isipomfaa airudishe.

Akaijaribu siku hiyohiyo, saa saba mchana. Alitundika shuka jeupe ukutani, akaweka kigoda mbele yake kikitazama ziwa, palipokuwa na mwanga mzuri. Karani wa ofisi ya uandikishaji, Nathaniel, alikuwa amemfundisha utaratibu: jina kwanza, picha baadaye. Usome jina lote kwa sauti, uliandike daftarini, ndipo upige, kwa sababu kuna mtaa ulishawahi kuchanganyiwa sura zote. Ila mchana ule majirani walikuwa mashambani na mama amelala. Honorata hakuona tatizo. Alifungua daftari kwenye jina la kwanza, akakitazama kigoda kitupu, akaita:

"Spesiosa, binti Hatungimana! Angalia hapa!"

Akapiga. Na alipoenda kukisogeza kigoda ndipo alipokikuta kimelowa.

Kwenye skrini, shuka lilitoka vizuri, kigoda kilitoka vizuri. Ila chini ya kigoda palikuwa na miguu miwili, na juu ya miguu upindo wa kanga.

"Mbovu," Honorata alisema, akaanza safari ya kuirudisha. Alimkuta Nickson anakula muwa, akamwonyesha. Nickson aliikodolea macho.

"Umempiga mtu wakati anainuka. Mfundishe kutulia."

"Hakukuwa na mtu."

"Basi hii miguu ya nani, yangu?" Lakini akambadilishia. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, yenye zumu ndefu, na ilikuja na maelezo marefu kuliko zumu yenyewe.

Kesho yake, saa saba tena, kigoda palepale, shuka lilelile. Honorata aliita jina la mama yake kwa hasira, kana kwamba kamera itaogopa, akapiga. Safari hii alisikia tone la maji likianguka, kisha jingine, taratibu, kama kanga mbichi iliyoanikwa bila kukamuliwa, na palikuwa na harufu ya matope ya ziwa iliyochanganyika na mafuta ya taa. Akatazama pande zote. Kamba ya nguo ilikuwa tupu.

"Umeniita?" Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, anapapasa fremu.

"Hapana, Mama. Najaribu kamera."

"Nimesikia jina langu. Jina zima." Akageuza uso kuelekea kigodani. "Kwenye kigoda nani kakaa?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Umeliita jina langu kwenye kigoda kitupu? Kinachotazama ziwa?" Spesiosa alishusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Oya, mwana wanje. Hapana, mwanangu. Watu tuliovuka kwa mitumbwi hatuiti jina mbele ya maji kama mwenyewe hatumwoni. Kuna wanaosikia."

Honorata alichoka. Nickson ana sheria zake, Nathaniel zake, sasa na mama naye. "Mama, Ijumaa ni keshokutwa. Niache nipambane na hii mashine."

Kwenye skrini mwanamke alikuwa amekaa kigodani, ameinamisha kichwa, nywele zimemganda usoni na maji yakimtiririka.

Nickson alipoiona hakutania. Aliizima haraka. "Dada, niambie ukweli. Huyu si yule wa jana? Kanga ni ileile." Akafungua droo ya chini, akatoa kamera yake mwenyewe, ile anayopigia harusi, akamsukumia. "Chukua hii. Ikikataa, usirudi kwangu. Sisemi kwa ubaya."

Njia nzima Honorata alilia kwa hasira. Angekuwa na mpinzani wa kumshika shati angalau angepumua, lakini utamshika shati nani, kamera? Alfajiri alimtoa mama kabla hajanywa hata chai, akamkalisha, akasema moyoni kwamba mtu halisi akiwa kigodani hapatabaki nafasi ya mwingine, akaita jina mara ya tatu, mama akaitika kwa Kirundi "ego", yaani ndiyo, kwa sauti ndogo, na kamera ikalia.

Mama alionekana. Alikaa wima, kitambaa chake cha kanisani kichwani, kovu lake la juu ya jicho wazi kabisa. Ila hakuwa amekaa kwenye kigoda. Alikuwa amepakatwa. Mikono miwili mirefu, yenye ngozi iliyokunjamana kama ya mtu aliyekaa majini siku nyingi, ilikuwa imemzunguka kiunoni, na juu ya bega lake kidevu kilikuwa kimetulia kama cha mtoto aliyebembelezwa akalala.

"Mama, inuka," Honorata alinong'ona. "Inuka taratibu."

"Sipati pumzi vizuri," alisema Spesiosa. "Na mgongo wangu umelowa."

Ndani, mlango umefungwa, Spesiosa alieleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu, hata marehemu mumewe, hata padri. Mwaka ule wa kuvuka walikuwa kumi na tisa katika mtumbwi wa watu wanane. Pembeni yake alikaa mwanamke peke yake, asiyejulikana na yeyote, na mawimbi yalipoanza mwanamke yule alifunga pindo la kanga yake na la Spesiosa kwa fundo moja, wasiachane. Kisha akaanguka. Alining'inia kwenye lile fundo, akiomba mtu amwite jina asipotelee majini, lakini jina lake hapakuwa na aliyelijua, na mtumbwi ulikuwa unainamia upande wake, na watoto walikuwa wanapiga kelele, na Spesiosa, msichana wa miaka ishirini, alishusha mkono akalifungua lile fundo.

"Nililifungua mimi, Honorata. Hakuna aliyenilazimisha."

Bibi Skolastika, aliyeitwa kwa simu, alishuka kutoka Kalinzi, milimani, kwa bodaboda adhuhuri ya siku hiyohiyo, Alhamisi, mganga mfupi, mkali, rozari shingoni na ubani kwenye mfuko wa kahawa. Alizunguka ua akinusa.

"Waswahili wa Ujiji watakwambia ni jini. Kalinzi tungemwita jina jingine. Haidhuru. Anataka kitu, na sharti ni moja: asipewe. Mimi nitasema naye. Wewe mama, hata ukisikia nini, usimjibu."

Alichoma ubani kuzunguka kigoda alichokalia Spesiosa, akaanza kusema kwa Kiha, haraka, kwa ukali, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani, na kadiri alivyosema ndivyo harufu ya matope ilivyozidi badala ya kupungua, ndivyo matone yalivyoanza kusikika juu ya majivu moto, ch, ch, ch, na shuka ukutani likavimba na kunywea kana kwamba kuna mtu nyuma yake anayelivuta mdomoni ili apate hewa, hali nyuma ya lile shuka palikuwa na ukuta wa matofali tu, na jua lilikuwa linawaka, na kule barabarani muuza dagaa alikuwa anapita akinadi dagaa wake bila habari, na katikati ya hayo yote sauti ya kike, dhaifu, yenye maji kooni, ikauliza kwa Kirundi swali moja tu: mimi naitwa nani?

"Usijibu!" alisema Skolastika.

Spesiosa aliinua uso. Machozi yalimshuka.

"Nisamehe, mwenzangu," alisema. "Nisamehe. Nilichonacho chukua."

Matone yakakoma. Shuka likalala ukutani. Skolastika alimtazama mama yule, kisha akakusanya vitu vyake upesi kuliko alivyovitoa. Honorata alimshika mkono, akamuuliza kama yule mwanamke ameondoka.

"Hapa uani ameondoka," alijibu mganga, na hakutaka hata maji ya kunywa.

Honorata hakusubiri. Akapiga. Picha ikatoka safi: mtu mmoja, kigoda kimoja, shuka jeupe. Alikaa chini akacheka kwa uchovu. Jioni Nickson aliichapa pamoja na za majirani, akasema, "Mama yako bado kijana, kumbe." Honorata aliona kwamba lile kovu la juu ya jicho halikuonekana. Nickson akamwambia ndiyo kazi ya flashi, inafuta makovu. Honorata alikuwa mgeni wa kamera, na siku tatu hakuwa amelala sawasawa, akaamini. Ijumaa asubuhi fomu zote zilikuwa mezani kwa Nathaniel, na siku ile Honorata alirudi nyumbani anaimba.

Wiki tano baadaye hati zikafika. Majirani walitoka ofisini wakizibusu. Honorata alimwingiza mama yake kwa mkono, amevaa kitambaa cha kanisani.

"Shikamoo, mama," alisema Nathaniel, akapekua. Alipekua tena. Akafungua daftari la kupokelea. "Hati ya Spesiosa, binti Hatungimana. Hii imeshachukuliwa."

"Na nani?" Honorata aliuliza.

"Na mwenyewe. Amekuja leo tulipofungua tu. Nimemlinganisha na picha, ni yeye kabisa, ameweka na dole gumba hapa." Alimgeuzia daftari. Mahali pa dole gumba karatasi ilikuwa imevimba kwa maji, na wino umesambaa. "Nilimwambia ajikaushe kwanza, amelowa chapachapa. Akasema haidhuru, anakwenda nyumbani."

"Mwenyewe ni huyu hapa!" Honorata alipiga meza. "Huyu! Mtazame!"

Nathaniel alitoa nakala ya picha kwenye faili, akaishika karibu na uso wa mama. Alikuwa kijana mpole, na alitazama kwa uangalifu, kwanza picha, kisha mama, kisha picha.

"Dada, hawa ni watu wawili," alisema. Akavuta fomu mpya, akamgeukia mama kwa heshima. "Tusigombane. Tuanze upya. Mama, wewe jina lako nani?"

Mama alifungua mdomo. Ulibaki wazi. Alimtazama karani, akaitazama dari, akapapasa hewani kama anayetafuta mlango, kisha akamgeukia mwanawe amsaidie.

Honorata alivuta pumzi ili amjibie. Akalitafuta lile jina aliloliita mara tatu uani, lile alilolisoma karani sasa hivi, likampotea, akalifungua daftari lake kwenye mstari wa kwanza. Mstari ulikuwa mtupu.

"Ni mama yangu," alisema. "Andika hivyo. Ni mama yangu."

"Hilo si jina," alisema Nathaniel, kalamu ikisubiri.