Kitambaa Juu ya Taa Nyekundu

Kila alipotoka shule, Rahel alipitia studio ya baba yake karibu na soko la Morogoro, akafuta vumbi kwenye kaunta na kupokea wateja hadi jioni. Baba yake, Bwana Athanas, alikuwa fundi mitambo katika kiwanda ambacho kilibinafsishwa, kisha kikafungwa. Kiinua mgongo chake hakukitapanya. Alinunua kamera ya kidijitali na kompyuta, akawa mpiga picha wa harusi na sherehe.

Kando ya kompyuta palikuwa na kasha jeusi lenye diski mbili. Bwana Ignas, fundi wa kompyuta, alilieleza siku alipolifunga.

"Kila picha inaandikwa mara mbili, diski hii na ile. Moja ikifa, mwenzake hubeba mzigo na hakuna kinachopotea. Lakini hapo kasha litalia, na taa hii itawaka nyekundu. Niiteni upesi niibadilishe iliyokufa, maana iliyobaki peke yake haina wa kuisaidia."

Rahel alisikia vizuri. Alisikia pia katazo la baba yake: asicheze michezo kwenye kompyuta ile.

Jumamosi moja Bwana Athanas alikwenda kupiga picha za harusi Mzumbe. Martina, rafiki wa Rahel, akaja kumtembelea, na wawili hao wakafungua mchezo wa karata. Walikuwa katikati ya kicheko kasha lilipoanza kulia: pii, pii, pii.

"Wee Rahel! Umeua mashine ya baba'ko!"

"Nyamaza! Wewe ndiye uliyebonyeza."

"Mimi? Mimi leo sijafika hapa kabisa," Martina akasema, akavaa ndala zake na kutoka mbio.

Rahel akapapasa nyuma ya kasha, akapata kitufe, akakibonyeza. Sauti ilikoma, lakini taa ilibaki nyekundu. Akatazama huku na huku. Mama yake, kama akina mama wengi wa mtaa ule, alifuma vitambaa vyeupe vya kufunikia redio, televisheni na hata viti. Kimoja kilikuwa juu ya televisheni ya studio. Rahel akakichukua, akakitandaza juu ya kasha, akauvuta upindo hadi taa isionekane.

Jioni baba yake alirudi, akatabasamu. "Binti yangu amekua. Mashine imevaa kama bibi harusi!"

Rahel aliinama, akajifanya anafagia. Alitaka kusema usiku huo, akashindwa. Kesho yake ikawa vigumu zaidi, kwa kuwa sasa alikuwa na makosa mawili ya kueleza.

Baadaye Bwana Athanas alipanda Kinole, milimani Uluguru, kupiga picha za mwali akitolewa nje. Kwa Waluguru mjomba ni mtu mkubwa katika ukoo. Siku hiyo Mzee Salehe, kaka yake Bi Pili, mama wa mwali, alimbeba mpwa wake mabegani akazunguka naye uwanjani huku ngoma ikilia. Picha zikaingizwa kwenye kasha, na kadi ya kamera ikafutwa kwa ajili ya kazi nyingine.

Haukupita muda mrefu, Mzee Salehe akaugua, akafariki. Bi Pili aliteremka mjini akiwa bado katika majonzi.

"Nipatie picha ya kaka yangu," alisema. "Maishani mwake hakupigwa nyingine."

Bwana Athanas alifungua kompyuta, asione kitu. Akaondoa kitambaa. Taa mbili nyekundu zilikuwa zikiwaka. Akampigia simu Bwana Ignas, naye akaja na vifaa vyake, akachunguza kwa muda.

"Diski hizi ni mapacha," alisema hatimaye. "Zimetoka kiwanda kimoja, toleo moja. Ndani ya kila diski mna programu ndogo ya kuiendesha, na ya hizi ina kasoro. Ikifika hatua fulani, diski hujifunga na haijibu tena. Hapo nami nimekosea. Nilipaswa kuchanganya matoleo. Lakini hazikufa zote siku moja. Athanas, hukusikia kasha likilia?"

"Sikusikia."

"Kelele ile? Wewe kiziwi?"

Bi Pili alisimama. "Watu wa mjini! Ulikula ugali kwangu, ukacheka na kaka yangu, kisha ukamtupa kama ganda la ndizi. Huna haya, Athanas!"

Wateja mlangoni waligeuka kutazama. Bwana Athanas aliinamisha kichwa. Rahel, aliyekuwa kwenye kaunta, hakuwahi kumwona baba yake hivyo, akasogea mbele.

"Baba hana kosa," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikuwa nacheza karata, kasha likalia. Nikadhani nimeliua. Niliizima sauti isilie tena, nikafunika taa."



"Mchezo haukuua diski, mwanangu," Bwana Ignas alisema taratibu. "Ungesema siku ile ile, ningeweka nyingine, na picha za Kinole zingekuwa mahali pawili. Sasa tujaribu. Mlango umejifunga, lakini huenda picha zingali ndani."

Alizipeleka diski Dar es Salaam kwa mtaalamu wa kurekebisha programu ile. Aliporudi, picha nyingi zilikuwa zimeharibika. Ya Mzee Salehe ilikuwa salama.

"Utaipeleka mwenyewe," Bwana Athanas alimwambia binti yake.

Walipanda Kinole pamoja. Rahel akapiga magoti. "Shikamoo, Bibi. Nimekuletea picha. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba." Bi Pili aliitazama picha kwa muda mrefu, akaipangusa kwa upindo wa kanga. "Nimekusamehe. Lakini nilimtukana baba yako asiye na hatia mbele za watu, nawe ulikuwa umesimama pale. Sasa haya yangu nani ataiondoa?"

Akamgeukia Bwana Athanas, akamwomba radhi. Rahel alitamani ardhi immeze.

Njiani wakiteremka, baba yake alisimama.

"Rahel, diski iliharibika kwa kosa la kiwanda, na hilo lina fundi wake. Ukimya wako haukuwa na fundi. Uliiacha diski moja ibebe mzigo wa mbili, ukaniacha nami nibebe aibu yako. Jambo likiharibika mikononi mwako, sema likingali dogo, hata kama utaadhibiwa."

Tangu siku hiyo kitambaa kilirudi juu ya televisheni, na kasha likakaa wazi.