Kidonge cha Asubuhi

Seremala alipiga mwayo, akapiga mwingine, akapiga wa tatu kabla chai haijapoa. Mkewe akacheka.

"Si umelala fofofo wewe?"

"Nimelala. Sijui ni nini hiki."

Kisha mkewe akaiona mikono yake. Vinyweleo vilikuwa vimesimama wima kama vya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, na nje jua linawaka.

Wiki iliyopita aliumia bega karakanani, akapewa dawa kali za maumivu. Jana bega lilitulia, akaziacha. Leo akaanza kidonge cha kuacha pombe, alichoandikiwa kliniki kabla hajaumia. Mkewe ndiye aliyemwekea mkononi, akammiminia na maji, moyo umemjaa furaha.

Kikombe kikamponyoka. Akaanza kuzunguka chumbani, anakaa, anasimama, anajikuna, jasho likimtiririka, na harufu yake haikuwa tena ile ya maranda aliyoizoea mkewe bali ya uchachu, kali, kama ya kitu kilichofungiwa gizani siku nyingi, kisha akatapika, akatapika tena hata pasipo na kitu, akajikunja sakafuni akishika tumbo, akanguruma kwa sauti nzito ambayo mkewe hakuwahi kuisikia katika ndoa yao yote: "Kitoeni! Kinanichuna ngozi kutoka ndani!"

Mboni zake zilikuwa zimetanuka, nyeusi tii, karibu zijaze macho.

Mama mkwe, aliyekuja mbio kwa kelele hizo, alirudi nyuma mpaka ukutani. "Amepandwa," akanong'ona. "Mwanangu amepandwa."

Akaitwa mganga wa majini, jirani yao. Alisoma, akamuuliza jini jina lake, akajibiwa kwa matapishi kifuani. Akaitazama midomo ya mgonjwa, imekauka hadi inapasuka.

"Mpelekeni hospitali," alisema taratibu. "Nikiendelea hapa, nitatoa jini na roho kwa pamoja."

Hospitalini mkewe alizitaja dawa zote mbili. Daktari akashusha pumzi.

"Hiki cha pombe huzuia zile za maumivu. Hata kama alizitumia siku chache tu, mwili ulikuwa umeshazizoea, na bado zilikuwamo. Kidonge kimeziondoa zote kwa mpigo. Ilibidi kwanza asubiri siku kadhaa, nasi tumpime."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfanyia haya?"

"Hukujua, dada yangu. Na hakuna aliyekwambia."

"Na si jini?"

"Si jini."

Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano. Jioni miguu yake ikaacha kurukaruka. Akafumbua macho, akamtafuta mkewe, akamshika kidole.

"Nimemsikia daktari. Ni dawa."

"Ni dawa, mume wangu. Lala."

Hakufumba macho.

"Lakini kilichonikalia kifuani kilikuwa na uzito. Na sasa hivi kiliposhuka, nimesikia miguu yake ikigusa sakafu."

Polepole, bila kutazama chini, mkewe akapandisha miguu yake juu ya kiti.